Analala Hapa, Lakini Hayupo

"Analala hapa, lakini hayupo."

Jibu hilo nililipata kwenye milango mingi hata nikawa nalisubiri. Swali langu lilikuwa fupi: ni akina nani wenye umri wa miaka 15 na zaidi ambao wamekuwa wakiishi katika nyumba hii mwezi mzima uliopita? Mama mwenye nyumba angeuweka kando ungo wa mahindi, amtaje mavyaa wake, amtaje mkaza mwana, amtaje binti aliyemaliza shule, kisha mumewe. Mumewe yuko Mombasa kwenye kazi za ujenzi. Hurudi mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine harudi. Lakini shati lake la Jumapili limetundikwa ukutani, na kitanda alikinunua yeye. Mimi nilitakiwa kumwacha nje ya orodha. Ni mke gani atakayekubali mumewe afutwe nyumbani kwake, tena mbele ya mzee wa kijiji?

Haya yalikuwa Kilifi, upande wa bara, mbali na fukwe na hoteli, mahali ambapo minazi bado ipo lakini mahindi hungoja mvua isiyo na ahadi. Kenya ilikuwa ikifanya uchunguzi wa kitaifa wa kuenea kwa kifua kikuu, mwaka 2015 hadi 2016. Uchunguzi wa namna hiyo ulikuwa haujafanywa nchini tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya uhuru. Maeneo takriban mia moja yalichaguliwa kwa bahati nasibu katika kaunti 45 kati ya 47, na kijiji hiki kikaangukiwa na kura. Kazi yangu ilikuwa ya chini kabisa katika msafara: kupita nyumba kwa nyumba nikiandika watu, kuwaalika kwenye hema la vipimo, na wasipokuja, kuwarudia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tujisumbue hivyo, na kliniki zina madaftari ya wagonjwa. Mwaka 2015 madaftari hayo yaliandika wagonjwa zaidi ya 81,000 kwa nchi nzima. Lakini daftari humjua aliyefika. Ili jina liingie humo, mtu lazima kwanza akubali kwamba anaumwa, apate nauli, asirudishwe na vidonge vya mafua, na makohozi yake yakutane na mpimaji aliye kazini na darubini iliyo nzima. Katika kila hatua kuna wanaobaki njiani. Ndiyo maana kaunti yenye kliniki nyingi na wapimaji hodari huonekana ina ugonjwa mwingi kuliko jirani yake isiyo na kitu, na huenda ukweli ni kinyume chake.

Wako waliotafuta njia ya mkato. Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia aliyeambukizwa kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen, ndiye aliyesaidia kuujenga mpango wa taifa wa Tanzania tangu miaka ya 1970, na hesabu zake zilianzia kwenye mikono ya watoto wa shule. Mtoto anadungwa tuberkulini ndani ya ngozi, na baada ya siku tatu hivi uvimbe unapimwa kwa rula. Uvimbe mkubwa maana yake vijidudu vimeshamfikia. Kutoka hapo unakadiria ni watoto wangapi huambukizwa kila mwaka, na kutoka hapo tena unakadiria watu wazima wanaowaambukiza: palipo na hatari ya maambukizi ya asilimia moja kwa mwaka, ilihesabiwa kuwa pana wagonjwa wapya 50 wenye vijidudu kwenye makohozi katika kila watu 100,000. Kanuni hiyo ilitumika ulimwenguni kwa miaka mingi, na mimi naiheshimu kwa wepesi wake. Tatizo ni kwamba chanjo ya BCG nayo huweza kuvimbisha mkono, na uwiano wenyewe ulitokana na enzi ambayo dawa hazikuwepo, wagonjwa wakiambukiza wengine kwa miaka bila kuzuiwa. Dawa zilipokuja, kisha virusi vya ukimwi vikaja, uwiano haukukaa tena. Ukitaka kujua, inabidi utembee.

Tulitanguliwa na baraza la chifu. Swali la kwanza lililoulizwa halikuhusu ugonjwa. Bibi mmoja alitaka kujua makohozi yao yatapelekwa wapi. Akaambiwa Nairobi, na baraza zima likaguna. Huku Pwani hadithi ya mumiani haijafa. Wengi wetu tulilazwa mapema kwa kutishwa nayo, wale watu wa gari wanaonyonya damu za wenzao usiku wakazifanye dawa. Sasa limekuja lori lenye chumba cha chuma, watu wanaingizwa mmoja mmoja, mlango unafungwa, kisha vitu vilivyotoka vifuani mwao vinapakiwa kwenye masanduku ya barafu. Ukifikiri vizuri, wenye shaka walikuwa na hoja. Aliyeiokoa siku ni fundi wa eksirei. Aliwaita wazee watatu wakague lori, mmoja wao akapigwa picha, na wenzake wakaitazama ikitokea kwenye kioo. Mbavu zilipojipanga, mzee mmoja akatangaza kwa sauti kwamba sasa amesadiki, mwenzake anao moyo. Kicheko kile kilifanya kazi kuliko hotuba zetu zote.

Ndani ya lori yaliyotupa tabu ni mambo madogo. Vifungo vya chuma, mikufu, vishikizo vya sidiria, vyote hutokea kwenye picha na kulificha pafu. Wanawake walipewa kanga safi na pazia la kubadilia. Kulikuwa na mwanamume mwenye hirizi ya bati kifuani aliyekataa katakata kuivua. Akaomba aizungushe iende mgongoni. Fundi akamweleza kwa upole kwamba eksirei haijui mbele wala nyuma. Wakakubaliana aifunge kwenye kifundo cha mguu mpaka kazi iishe.

Kila aliyekuja aliulizwa kuhusu dalili na kupigwa picha. Aliyekuwa akikohoa kwa zaidi ya wiki mbili, au picha yake ikawa na doa la aina yoyote, alipewa vikopo viwili: kimoja cha hapo hapo, cha pili cha alfajiri ya kesho yake. Sehemu ya kukoholea ilikuwa nyuma ya hema, juani na penye upepo, kwa sababu jua huua vijidudu na upepo huvitawanya. Muuguzi alikuwa na kazi ya kufundisha tofauti ya mate na kohozi lenyewe, lile linaloitwa kutoka chini kabisa ya kifua, na kina mama waliona haya kuliita mbele za watu. Sampuli zilisafiri kwenye baridi hadi maabara ya taifa Nairobi, ambako kuotesha vijidudu huweza kuchukua wiki nane. Kifua kikuu hukua polepole hata kwenye chupa ya maabara.

Nilidhani mwanzoni kwamba lile lori lilikuwa gharama ya bure. Anayeumwa kifua si anakohoa? Kisha akaja kijana mgema, mabega mapana, anayekwea minazi yake asubuhi na jioni. Alisema hakohoi, hana homa, hatoki jasho la usiku, hajakonda. Picha yake ilikuwa na kivuli juu ya pafu la kulia. Alikasirika alipopewa vikopo. "Mimi nakwea mara mbili kwa siku, kifua kibovu kitanifikisha juu?" Alivijaza hata hivyo, kwa ajili ya mama yake aliyekuwa amesimama karibu. Majibu yake hayakuwa yangu kuyajua; yalikwenda kwa wahusika wa kaunti, na hata leo siyajui. Ninachojua ni matokeo ya nchi nzima: kati ya watu 305 waliokutwa na ugonjwa, takriban robo hawakutaja dalili hata moja. Tungekuja na maswali matupu bila lori, watu hao wangetupa mkono wa kwaheri na kuendelea na shughuli zao.

Asubuhi ya kwanza hema lilijaa wanawake, wazee, na vijana wachache waliofuata jenereta kwa udadisi. Wanaume hawakuja. Mgema yuko juu ya mti alfajiri. Mchoma makaa ameshaingia msituni. Mwenye bodaboda anasema atapita akimaliza abiria, na abiria hawaishi. Wengine walikuwa na sababu ambayo hawakuitaja: mtu akipimwa na kupatikana, atalishaje watu wake? Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza hasa. Mzee wa kijiji aliniambia niache kuwafuata majumbani, nikawafuate mangweni, kwenye kilinge cha mnazi, jua likishaanza kushuka. Nilikwenda naye. Hakuhutubia. Aliketi, akaagiza, akaanza kumtania mmoja mmoja kwa jina la babu yake, na katikati ya utani akawa anauliza nani ameshapigwa picha. Kesho yake wakaja saba pamoja, kama waliokwenda kuposa.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini mkubwa wetu wa msafara alishikilia sana jambo hili. Ukipima wanaokuja kwa hiari yao, umepima wenye nafasi na wenye hofu. Idadi ya watu hemani inaweza kukupendeza na hesabu yako isiwe na maana. Na wale wasiokuja si sawa na wanaokuja. Kwa ugonjwa huu, inaelekea hao ndio wenye mengi ya kusema.

Upande wa pili wa sheria hiyo hiyo ya kuifuata orodha ulikuwa mchungu zaidi.

Mpaka wa eneo letu ulifuata njia ya miguu iendayo kisimani. Nyumba za kulia zilikuwa ndani, za kushoto zilikuwa nje. Mama mmoja wa ng'ambo ya njia alimleta mwanawe, kijana aliyekonda hata shati likawa si lake, akikohoa huku ameshika ubavu. Nikaangalia orodha. Hayumo, na hakuweza kuwemo. Mama akanitazama akasema, "Mwanangu, wazima mmewafuata mpaka mangweni. Huyu mgonjwa nimewaletea mwenyewe mnamkataa?"

Najua jibu la kitaalamu. Orodha ilifungwa kabla hatujajua nani anaumwa, na thamani yake yote imo humo. Ukimwingiza mmoja aliyekuja kwa sababu anaumwa, kesho watakuja wagonjwa wa vijiji vitano, na hesabu itakayotoka itakuwa hesabu ya habari zilivyosambaa. Jibu hilo ni sahihi. Jaribu kumpa mama aliyeshika mkono wa mwanawe. Daktari wa msafara alimpima kijana, akamwandikia barua ya kwenda zahanati ya karibu, na dereva wetu akatoa nauli ya bodaboda mfukoni mwake bila kuulizwa. Katika karatasi za uchunguzi kijana yule hayupo. Naamini bado kwamba tulitenda sawa mara mbili, kwa kumsaidia na kwa kutomhesabu, lakini sijapata maneno ya kumfanya mama yule akubali nusu ya pili, na sidhani kama yapo.

Jioni tulipokuwa tukivunja hema, mzee wa kijiji alinivuta kando. Alikuwa ametembea nami jua kali, amenitetea kwenye milango iliyofungwa, na alikuwa na haki ya kudai.

"Sasa nipe yangu."

"Ipi, mzee?"

"Nambari ya kijiji changu. Tunao wangapi?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Kwa wastani kila eneo lilikuwa na watu mia sita na kitu waliopimwa. Ikiwa nchini kote mgonjwa ni mmoja kati ya watu wazima mia mbili hivi, basi hapa tungetarajia watatu. Lakini bahati peke yake inaweza kutoa mmoja au sita, inaweza hata kutoa sifuri. Katika maeneo mia moja yaliyo sawa kabisa kwa ugonjwa, kama matano yangetoka mikono mitupu bila sababu yoyote. Kwa hiyo hata nikimpa nambari, haitamwambia kama kijiji chake ni kisafi au kimeoza kuliko cha jirani. Nambari itapatikana tu maeneo yote yakiwekwa pamoja, na itakuwa ya Kenya.

Alinyamaza kidogo. "Basi sisi ni kijiko cha kuonjea mchuzi," akasema. "Kijiko chenyewe hakili."

Sikumbishia. Katika kazi hii mara nyingi tunawaambia watu kwamba uchunguzi ni kwa faida yao, na ni kweli kwa yule atakayekutwa na kuanzishiwa dawa za miezi sita bila malipo. Kwa waliobaki, mamia waliopoteza asubuhi yao shambani, tungesema wazi kwamba tunawaomba msaada. Nimeona wanaoombwa wakija kwa moyo kuliko wanaoahidiwa.

Matokeo yalitangazwa Machi 2017. Magazeti yalichapa nambari moja: watu 558 katika kila watu wazima 100,000. Wachache walichapa pia kwamba kiwango hicho kinaweza kuwa popote kati ya 455 na 662, jambo ambalo kwangu ndilo habari yenyewe, maana linaonyesha tunajua kiasi gani. Fanya hesabu ya kawaida, 305 gawanya kwa watu 63,050 waliopimwa, utapata 484 tu. Zile nyingine zimetoka wapi? Zimetokana na marekebisho ya kitakwimu yanayowapa nafasi yao wasiofika hemani, waliokosa picha, na wale ambao makohozi yao hayakutoa jibu. Nilipoyaona maelezo hayo niliwakumbuka wagema. Hata asiyekuja ana kivuli chake ndani ya 558, lakini kivuli hicho kimekadiriwa kutokana na wenzake wanaofanana naye waliokuja. Wale saba kutoka mangweni ndio waliowasemea wengine wote waliobaki kwenye mnazi.

Na wanaume walikuwa na mengi ya kusema kweli: 809 katika 100,000, dhidi ya 359 kwa wanawake. Mijini ilikuwa 760 na mashambani 453, hivyo mume aliyeko Mombasa, yule aliyeniletea tabu mlangoni, alikuwa upande wenye hatari zaidi wa hesabu mbili kwa pamoja. Jambo jingine lililonipa faraja ya ajabu ni kwamba wagonjwa zaidi ya wanane kati ya kumi hawakuwa na virusi vya ukimwi. Kijijini kifua na ukimwi vilikuwa vinanong'onwa kwa pumzi moja, na wapo waliokwepa hema kwa aibu hiyo tu. Ilikadiriwa pia kwamba nchini wagonjwa wanne kati ya kumi walikuwa hawagunduliwi.

Kwa hiyo nilitarajia nini? Nilitarajia saa za kliniki zibadilike. Kliniki nyingi za kifua nilizozijua zilikuwa zikifunguliwa asubuhi siku za kazi, foleni yake ni ya kina mama na watoto, na mwanamume anayekaa hapo anajiona amepotea njia. Hesabu ya 809 inaambia kliniki ifunguliwe jioni na Jumapili, iende kwenye stendi za bodaboda na kwenye maeneo ya ujenzi. Kukosa lori si kisingizio tena. Siku hizi kuna mashine za eksirei zinazobebeka, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeidhinisha programu za kompyuta zisome picha za vifua vya watu wa miaka 15 na zaidi pale daktari wa kuzisoma asipokuwapo.

Mzee wa kijiji bado hunipigia simu, zaidi kuuliza habari za nyumbani kwangu. Safari moja nilimpa zile nambari, nikamtajia na mashine zinazobebeka. Alizitaka polepole, nadhani alikuwa akiandika. Kisha akauliza kama hiyo mashine mpya inapakika kwenye bodaboda. Nikamwambia inapakika.

"Waambie waje siku ya soko, jioni," akasema. "Na safari hii wapime pande zote mbili za njia ya kisimani."